Shajara ya mradi: kuifunza kompyuta kuisoma dutu nyeusi

Wiki ya 1

Tumeanza rasmi. Tuko wanne: daktari wa neva ambaye sote tunamwita Daktari tu, mwanafizikia anayezijua mashine za MRI nje ndani, kijana wa programu aliyemaliza masomo juzijuzi, na mimi ninayeshika takwimu na shajara hii. Swali tulilolianza nalo ubaoni ni fupi: kompyuta ikipewa picha ya MRI ya ubongo, je, inaweza kusema kama mwenye ubongo huo ana ugonjwa wa Parkinson?

Naandika pia kilichonileta hapa, nisije nikakisahau nikishazama kwenye hesabu. Shangazi yangu aliambiwa ana Parkinson. Alikuwa mzito wa mwendo, shingo imekakamaa, sauti imefifia. Akapewa levodopa, dawa ya Parkinson, akaongezewa, akaongezewa tena, wala hakuona nafuu. Alianguka mara kwa mara, na kila mara kwa nyuma. Ngazi alizishuka kama mtu anayeshuka gizani, akipapasa kila kidato kwa unyayo, maana macho yake yalikuwa hayawezi tena kutazama chini. Ilipita miaka kabla daktari mwingine hajampima mwendo wa macho na kutaja jina jingine kabisa: PSP, ugonjwa unaofanana na Parkinson mwanzoni lakini unaokwenda kwa kasi zaidi na usioisikia dawa ile. Ni miaka ile iliyopotea inayonikalisha kwenye kiti hiki.

Wiki ya 2

Wiki ya kusoma. James Parkinson, daktari wa London, alichapisha maelezo yake ya ugonjwa huu mwaka 1817. Aliwaeleza watu sita, na baadhi yao hakupata kuwapima. Aliwaona tu wakipita barabarani. Jean-Martin Charcot wa Ufaransa ndiye baadaye aliyeupendekezea ugonjwa jina la Parkinson. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na utambuzi bado unaanzia palepale: jicho la daktari, mwendo wa mgonjwa, mkono unaotetemeka ukiwa umepumzishwa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliunganisha tafiti zilizolinganisha kauli za madaktari na kilichokutwa kwenye ubongo baada ya kifo, ukapata usahihi wa takriban asilimia 80. Kwa maneno mengine, karibu mtu mmoja kati ya watano aliwekwa fungu lisilo lake.

Kinachotokea ndani ya ubongo kinajulikana vizuri kiasi. Katika shina la ubongo kuna eneo dogo, moja kila upande, linaloitwa substansia nigra. Maana yake kwa Kilatini ni dutu nyeusi, na hivyo ndivyo nitakavyoliita humu. Weusi wake unatokana na niuromelanini, rangi iliyomo ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo. Seli hizo zikifa, weusi unafifia. Mwaka 1912 Friedrich Lewy alieleza vibonge visivyo vya kawaida ndani ya seli za neva za wagonjwa, na mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff akaonyesha uharibifu wa dutu nyeusi yenyewe. Dalili za mwili zinapoanza kuonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kwenda.

Sasa tatizo. Picha ya kawaida ya MRI ya mtu mwenye Parkinson, hasa mwanzoni, huonekana safi. Huagizwa zaidi kwa ajili ya kuondoa mashaka ya vitu vingine, kama uvimbe, kiharusi au maji kujaa kwenye ubongo. Mgonjwa anaambiwa picha ni nzuri, naye anarudi nyumbani anatetemeka vilevile. Daktari alituambia kwamba sentensi hiyo, "picha yako ni nzuri", ndiyo inayomwia vigumu kuliko zote kumwambia mgonjwa.

Wiki ya 3

Mwanafizikia alitutengea mchana mzima kutueleza njia ambazo watu wamekwisha kuzijaribu. Naandika zile zilizotubakia kichwani.

Ya kwanza ni DaTscan, inayotumia mashine ya SPECT. Mgonjwa anadungwa dawa yenye iodini-123 inayokwenda kushika kwenye visafirishi vinavyorudisha dopamini ndani ya miisho ya seli, kisha kamera ya gama inapiga picha. Kwa mtu mwenye afya inaonekana mikato miwili iliyopinda kama alama ya mkato wa maandishi. Kwa mwenye Parkinson mkia unatoweka, zinabaki nukta mbili. Marekani iliidhinisha njia hii mwaka 2011, miaka kadhaa baada ya Ulaya. Inafaa sana kumtenga mtu mwenye kutetemeka kwa sababu nyingine, au aliyepata dalili kutokana na dawa za magonjwa ya akili. Lakini haiwezi kutenganisha Parkinson na PSP, wala na MSA, ugonjwa mwingine unaofanana nao, kwa sababu dopamini inapungua katika magonjwa yote matatu. Nilipoisikia sentensi hiyo nilinyanyua kalamu. Shangazi angepigwa picha ile, ingesema tu kwamba kweli anaumwa, si anaumwa nini.

Ya pili ni MRI iliyorekebishwa ili niuromelanini ing'ae. Watafiti wa Japani waliionyesha mwaka 2006 kwa mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ya tatu ni kutafuta kijisehemu cha dutu nyeusi kiitwacho nigrosomu-1, ambacho kwa mtu mwenye afya kinafanya umbo la mkia wa mbayuwayu kwenye picha inayohisi chuma. Mkia usipoonekana, kuna shaka. Kazi iliyoupa mkia huo umaarufu ni ya mwaka 2014. Ni umbo dogo mno, na mgonjwa akitikisika kidogo tu linafutika.

Ya nne ndiyo iliyotuteka, na nitaieleza kwa kirefu tutakapoifikia: kupima maji huru.

Wiki ya 5

Picha zimefika, kutoka hifadhi mbili zinazowapa watafiti data kwa idhini. Hazina majina, hazina tarehe za kuzaliwa, na nyuso zimefutwa kwenye picha, kwa sababu MRI ya kichwa inaweza kujengwa upya ikawa sura ya mtu inayotambulika. Kijana amezigeuza zote kutoka DICOM, mfumo wa faili za picha za hospitali, na kuzipanga kwa utaratibu mmoja. Kazi ya siku nne ambayo hakuna atakayeisifu, kwa hiyo naisifu mimi hapa.

Wiki ya 6

Modeli yetu ya kwanza imefunzwa. Tulichukua mtandao wa neva bandia wa kawaida, yaani programu inayojifunza kwa mifano, tukaulisha picha nzima za ubongo, wenye Parkinson upande mmoja na wenye afya upande mwingine. Jioni kijana akatupigia simu sote. "Dada, inapatia karibu kila picha!" Nilisikia furaha yake nikafurahi naye, kisha nikashindwa kulala. Ugonjwa ambao wataalamu wa radiolojia hawauoni kwenye picha za aina hii, mtandao tulioupakua Jumatatu unauona Ijumaa?

Wiki ya 7

Sababu ya kwanza imepatikana. Watu wengi kwenye hifadhi walipigwa picha zaidi ya mara moja: walipoingia, baada ya mwaka, baada ya miaka miwili. Tulipozigawa picha kwa kuchanganya, mtu yuleyule akawa na picha moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani. Ubongo wa mtu una mikunjo yake kama alama za vidole. Modeli haikutambua ugonjwa. Ilimtambua mtu, ikakumbuka jibu lake.

Tumegawa upya, mtu mmoja upande mmoja tu, bila kujali ana picha ngapi. Alama ikashuka sana. Namba yenyewe siiandiki, ya kabla wala ya baada, maana sitaki mtu aichukue kutoka humu na kuitumia mahali pengine.

Wiki ya 8

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, na nataka kuieleza polepole kwa sababu naamini kuna miradi mingi iliyonaswa hapa bila kujijua.

Alama ilikuwa imeshuka lakini bado ilikuwa nzuri kuliko inavyostahili. Mwanafizikia akatoa wazo lililonikaa: tuipe modeli picha ambazo shina lote la ubongo limefutwa. Weka sufuri pale dutu nyeusi ilipo na pote jirani yake, kisha funza upya. Kama modeli inaangalia ugonjwa, itaporomoka.

Haikuporomoka. Ilishuka kidogo tu.

Tukachora ramani inayoonyesha modeli inatazama wapi inapoamua. Rangi ilikaa kwenye ukingo wa fuvu, kwenye shingo, na kwenye weusi mtupu nje ya kichwa. Nje ya kichwa hakuna ubongo wala ugonjwa. Kuna kelele za mashine peke yake. Kijana akafunza modeli nyingine, safari hii akiiuliza kila picha ilitoka kwenye mashine ipi, nayo ikajibu kwa urahisi kabisa. Tulipokwenda kwenye jedwali tukakuta kwamba baadhi ya vituo vilileta wagonjwa wengi na watu wenye afya wachache, na vingine kinyume chake. Ukiijua mashine, umeshajua nusu ya jibu.

Kulikuwa na jambo la tatu lililojificha humo humo. Wagonjwa hutikisika. Mtetemo wa Parkinson ni wa mara nne hadi sita kwa sekunde, na hata mkono ukiwa umelazwa, kichwa kinasogea kidogo ndani ya mashine. Modeli inaweza kujifunza ukungu wa mtikisiko na kuuita Parkinson. Huo kweli ni ushahidi wa ugonjwa kwa namna fulani, lakini ni ushahidi ambao daktari alikwisha kuuona mgonjwa alipoingia mlangoni. Hatuhitaji mashine ya mamilioni kutuambia kwamba mtu anatetemeka.

Wiki ya 9

Kikao kirefu. Daktari alisikiliza habari yote ya mashine na fuvu bila kukatiza, kisha akasema kitu kilichogeuza mradi mzima.

"Mdogo wangu, tangu nianze kazi hii hakuna mtu mwenye afya aliyeniletea swali hili. Anayekuja kwangu tayari ana kitu. Mimi nataka kujua ni kipi."

Tulikuwa tumeuliza swali ambalo halipo kliniki. Wenye Parkinson dhidi ya wenye afya ni swali rahisi kwa mtafiti kwa sababu data yake ipo tele, lakini mbele ya daktari halina kazi. Swali lake ni Parkinson, MSA au PSP, kwa mtu aliyekuja na ugumu wa mwili na uzito wa mwendo, mwanzoni kabisa, wakati magonjwa yote matatu yamevaa nguo moja. Jibu linabadilisha mambo: kiwango cha levodopa cha kujaribu, hatari ya kuanguka na ya chakula kupita njia ya hewa, nani afae kwa upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ubongoni, utafiti gani wa dawa ajiunge nao, na familia ijipange kwa miaka mingapi.

Nimefuta ubao na kuandika swali jipya. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Wiki ya 10

Maji huru, kama nilivyoahidi.

Molekuli za maji ndani ya ubongo hazitulii. Kwenye tishu iliyo salama zinabanwa na kuta za seli na nyuzi za neva, kama watu katika uchochoro: wanaweza kwenda mbele na nyuma, si kupenya ukutani. Seli zikifa, kuta zinapungua, nafasi inapanuka, na maji yanatembea pande zote bila kizuizi. MRI ya mtawanyiko hupima mwendo huo kwa kuvuta ishara katika pande nyingi tofauti, moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 Ofer Pasternak na wenzake walionyesha namna ya kugawa ishara ya kila vokseli, yaani kila kijimchemraba cha picha, mafungu mawili: maji yaliyofungwa na tishu, na maji yaliyo huru. Kwa hiyo kila nukta ya ubongo inapata namba kati ya sufuri na moja, inayosema sehemu gani ya maji yake yanatembea huru.

Kundi la David Vaillancourt katika Chuo Kikuu cha Florida limeishi na wazo hili kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba kwa wenye Parkinson maji huru yanaongezeka kwenye sehemu ya nyuma ya dutu nyeusi. Kisha wakaonyesha kwamba magonjwa yanayofanana nao huacha nyayo pana zaidi. MSA inagusa putameni (kiini kilicho ndani ya ubongo), ubongo mdogo na mashina yanayouunganisha. PSP inakula ubongo wa kati, inapanda hadi kwenye thalamasi, kiini kingine cha ndani, na kwenye daraja linaloziunganisha nusu mbili za ubongo. Magonjwa yanayofanana machoni pa daktari hayafanani katika ramani ya maji.

Juu ya hilo walijenga programu waliyoiita AIDP. Kazi yao ya mwaka 2019 ilikusanya watu 1,002 kutoka vituo 17. Mwaka 2025 walichapisha jaribio la kuangalia mbele: wagonjwa 249, vituo 21. Katika kutenganisha Parkinson na hayo mengine mawili ilipata 0.96 kwa kipimo cha eneo chini ya mkunjo. Namba hiyo watu huisoma vibaya, kwa hiyo naieleza: ukimchukua mgonjwa mmoja wa Parkinson na mmoja wa fungu jingine bila kuchagua, programu itawapanga sawasawa mara 96 katika 100. Haina maana kwamba inapatia asilimia 96 ya watu. Lakini lililonigusa zaidi ni jingine: kwa wale waliofariki na ubongo wao kuchunguzwa, jibu la programu lililingana na maabara kwa watu 46 kati ya 49.

Sisi hatushindani nao. Tunataka kuona kama wazo hili linasimama kwenye picha zilizopigwa ovyo kidogo, kwa mashine zisizolingana, bila mtu wa kusimamia kila kituo. Picha nyingi duniani ziko hivyo.

Wiki ya 11 na 12

Tumeachana na mtandao mkubwa. Sasa kila ubongo unapatanishwa na kiolezo kimoja, tunasoma maji huru katika maeneo yaliyochorwa kabla, na namba hizo chache zinaingia kwenye modeli nyepesi inayochora mpaka kati ya mafungu. Kijana alihuzunika kidogo kuona mtandao wake ukiwekwa kando. Nilimwambia, na nasema kwa dhati, kwamba bila mtandao ule tusingejua fuvu lilikuwa linatudanganya.

Shida ya wiki hizi ni ukubwa. Vokseli yetu ina milimita 2 kila upande, yaani milimita za ujazo 8. Dutu nyeusi ya upande mmoja inaingia katika makumi tu ya vokseli, na sehemu ya nyuma ni chache zaidi. Karibu nayo, katikati ya miguu miwili ya ubongo, kuna bwawa la maji ya ubongo, na maji hayo ni huru kwa asilimia mia. Mpaka wetu ukiteleza vokseli moja tu kuelekea huko, tunachota bwawa na kuliita ugonjwa. Kibaya zaidi, kwa wenye PSP ubongo wa kati umesinyaa, kwa hiyo upatanishaji huteleza hasa kwao. Kosa la hesabu linavaa sura ya ugonjwa.

Mwanafizikia amekaa na picha moja moja, akizikagua kwa jicho. Mimi namsaidia jioni. Ukishaziona nyingi unaanza kuutambua ubongo wa kati uliosinyaa hata bila kompyuta: kwa upande unafanana na ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, kichwa chake kimekonda. Madaktari wa radiolojia wana jina la ndege kwa alama hiyo. Nilipouona mara ya kwanza nilisukuma kiti nyuma nikatoka nje kidogo.

Wiki ya 13

Seva imezima siku tatu. Hakuna cha kuandika.

Wiki ya 15

Suala la mashine tofauti halikwisha kwa kubadili modeli. Tumejaribu ComBat, njia iliyozaliwa mwaka 2007 kwa ajili ya data za jeni na kuletwa kwenye picha za mtawanyiko mwaka 2017. Inakadiria kila mashine inaongeza au kupunguza kiasi gani, kisha inaondoa. Inafanya kazi vizuri, lakini ina miiba miwili. Ukiikadiria kwa data yote pamoja, mtihani unavuja ndani ya mafunzo, kosa lile lile la wiki ya 7 likirudi kwa mlango wa nyuma. Na kama kituo kimeleta wagonjwa wa aina moja tu, ukiondoa athari ya mashine unaondoa na ugonjwa, kwa sababu hesabu haina njia ya kuvitenganisha. Vituo viwili vya namna hiyo tumevitoa. Iliniuma, kwa sababu PSP na MSA ni magonjwa adimu, kila moja likiwa na wagonjwa wapatao watano katika watu 100,000, na kila picha tunayoitupa ni mtu aliyekubali kulala kwenye bomba lile lenye kelele akiwa na mwili uliokakamaa.

Umri pia tumeushughulikia. Maji huru huongezeka kwa kila mtu anavyozeeka, na kundi letu lenye afya lilikuwa na vijana wengi zaidi.

Kuanzia sasa mtihani ni mmoja: kituo kizima kinawekwa nje, modeli inafunzwa kwa vingine vyote, kisha inapimwa kwa kile isichowahi kukiona. Halafu kinachofuata. Alama zinapanda na kushuka kutoka kituo hadi kituo, na tutachapisha zote, si wastani wake peke yake.

Wiki ya 17

Mjadala mkali, wa heri. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba modeli inakosea watu fulani. Daktari akauliza: nani kasema imekosea? Lebo zetu, yaani jina la ugonjwa lililoandikwa kwa kila mtu, zimetoka kwa madaktari, na madaktari ndio wale wale wenye takriban asilimia 80. Tunamsahihisha mwanafunzi kwa kitabu cha majibu chenye makosa yake. Modeli ikimfuata daktari katika kila jambo, imejifunza na kukosea kwake.

Hakuna njia ya mkato. Ukweli wa mwisho unapatikana kwa darubini baada ya kifo, na hifadhi zilizo na uthibitisho huo ni chache. Tunachoweza kufanya ni kuwapa uzito zaidi wale waliofuatiliwa kwa miaka, kwa sababu muda husema. PSP inayojificha mwaka wa kwanza haijifichi mwaka wa tano. Kwa hiyo lebo tunaitoa kwenye ziara ya mwisho, lakini picha tunayoipa modeli ni ya ziara ya kwanza.

Wiki ya 19

Tumeongeza jibu la nne: "sina hakika". Modeli ikiwa karibu na mpaka, inasema hivyo badala ya kuchagua kwa nguvu. Kijana aliogopa kwamba itapunguza alama zetu. Imezipunguza kweli. Daktari alisema hilo ndilo jibu la kwanza la programu hii ambalo angelipeleka kwa mgonjwa bila wasiwasi, kwa sababu nalo lina kazi: linamwambia ampange mgonjwa arudi baada ya miezi sita, asimfungie jina.

Wiki ya 21

Kituo cha mwisho kilikuwa kimebaki kando tangu mwanzo, bila mtu kukigusa. Leo tumekifungua. Kwa ujumla modeli ilisimama, chini ya tulivyotarajia lakini juu ya hofu yangu. Ila muda wote tulikaa juu ya mafaili mawili.

Watu hawa wawili waliandikwa Parkinson walipoingia, na baada ya miaka lebo ikageuzwa kuwa PSP. Kwa wa kwanza, modeli ilitazama picha ya siku ya kwanza ikasema PSP. Chumba kilinyamaza. Daktari alisoma maelezo ya ziara ile kwa sauti: uzito wa mwendo, shingo ngumu, kuanguka mara moja, macho hayakuandikwa. Sikusema kitu. Wenzangu wanajua habari za shangazi.

Kwa wa pili, modeli ilisema Parkinson, tena kwa uhakika mkubwa, bila kugusa jibu la nne. Hili ndilo lililotuweka hadi usiku. Tulifungua picha na kukuta kichwa kilikuwa kimelala upande, na mpaka wa ubongo wa kati ulikuwa umepanda juu kidogo, ukachukua tishu isiyo yake na kuacha ile iliyoharibika. Ukaguzi wetu wa jicho uliipitisha. Nimeangalia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi: ni yangu, ya jioni moja ya wiki ya 12.

Tumekubaliana mambo haya. Kila picha itakaguliwa na watu wawili ambao hawajui lebo yake. Upatanishaji utapimwa kwa namba, na ikishindwa kiwango, modeli inazuiwa kabisa kutoa jibu kwa picha hiyo. Matokeo ya kituo hiki yanabaki kama yalivyo, na kosa hili ndani yake. Hatutakirudia baada ya kurekebisha, kwa sababu kimekwisha kuonekana. Mwanafizikia anaandika barua leo kuomba kituo kingine.

Jumatatu naanza kuzikagua upya picha zote nilizozipitisha jioni.